Tangazo Lenye Mhuri

Ukutani kwa Emilian kulikuwa na cheti, na nyuma ya ukuta kulikuwa na mkwe.

Cheti kilisema tovuti ya Halmashauri ya Mwanhembe imeshika nafasi ya pili kwa ubora. Emilian, afisa TEHAMA wa halmashauri hiyo, ndiye aliyekuwa anaipika tovuti, anaipakua na kufuta meza. Cheti alikitia kwenye fremu ya rangi ya dhahabu aliyoichagua kwenye maduka ya mtaa wa Mtendeni kwa uangalifu ambao Levina, mkewe, alisema hakuuona hata siku ya kuchagua pete.

Mkwe alikuwa Mama Recheli, mama mzazi wa Levina, mjane wa mzee Silasi wa kijiji cha Kasela. Presha ya macho ilimmalizia nuru kama panya anavyomaliza gunia, leo hapa, kesho pale, hadi siku moja akamsalimia mbuzi akidhani ni mjumbe wa nyumba kumi. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anakisimulia kisa hicho, na mwishoni huongeza kwamba mbuzi aliitikia vizuri kuliko mjumbe. Mwanawe wa kiume alishapotelea kwenye machimbo ya Geita, kwa hiyo Levina akamleta mama yake hapa mjini, mtaa wa Ng'ambo, na kumpa chumba cha uani.

Kwa Wanyamwezi wa zamani hicho ni kioja, mwanaume na mama mkwe wake kulala chini ya bati moja. Basi wakajiwekea utaratibu. Mlango wa mama ulitazama uani, wa Emilian ulitazama barabara. Emilian akitaka kwenda bafuni alikohoa kwanza pale konani, mama ajitande khanga na kugeuza uso. Wenzake walimcheka kwamba anamkoholea mtu asiyeona. "Haoni yeye, mimi naona," alikuwa akiwajibu. Salamu zilipita mlangoni kila mmoja akiangalia kwake. Jambo zito lilipita kwa Levina.

Kitu kimoja tu katika nyumba ile hakikujua mila, nacho ni simu ya Mama Recheli. Ilikuwa simu inayosema. Walimfundisha wenzake wasioona waliokuwa wakikutana kanisani, Moravian: unapitisha kidole kiooni, sauti ya mwanamke inakusomea kilichopo, unagonga mara mbili inafungua. Kwa simu hiyo alisoma Biblia, alisikiliza vifo vya redioni, na alimpigia kila mtu aliyekuwa na deni la salamu. Na kila asubuhi, kabla ya uji, alifungua tovuti ya mkwe wake. Ukuta ulikuwa wa tofali moja. Emilian, akiwa anafunga viatu, aliisikia kazi yake ikisomwa.

"Picha, haina lebo. Picha, haina lebo. Kitufe, hakina lebo. Kiungo, bonyeza hapa. Picha, haina lebo."

"Baba Konso," Levina alimwambia siku moja, kwa jina la mtoto wao, akimimina chai, "kumbe hiyo ofisi yenu ni studio?"

Emilian alicheka, maana ni kweli. Nusu ya tovuti ilikuwa picha za wakubwa: wakubwa wanakata utepe, wakubwa wanapanda mti, wakubwa wanautazama mtaro kana kwamba umewatukana. Levina alishamwelezea mama yake hivyo, na mama akajua. Simu ikisema picha, kidole chake kiliruka.

Alichokuwa anakitafuta ni tangazo la makaburi. Barabara ya Kasela, ile inayofuata njia waliyopita wapagazi wakielekea pwani na pembe mabegani, ilikuwa inapanuliwa, na makaburi ya kando yake yangehamishwa, na la mzee Silasi likiwamo. Kwenye mkutano wa kijiji waliambiwa kwamba tarehe ya kuandikisha makaburi itatangazwa ubaoni na kwenye tovuti. Wenye ndugu watajiandikisha, kaburi litapewa namba, na siku ya kuhamisha watakuwepo, waupokee mwili wao na kuuzika upya kwa jina. Mama Recheli alikuwa amemuahidi marehemu jambo moja kitandani, kwamba hatamwachia mgeni amshike. Kwa hiyo alisubiri tangazo kama watu wanavyosubiri mvua ya kupandia.

Emilian mwenyewe alishatuma neno kupitia kwa Levina: mama asihangaike, tangazo litapita mikononi mwake, akiliona tu atawaambia. Mama akajibu kwamba anashukuru, ila ataendelea kusikiliza mwenyewe, asije akawa mzigo kwa mkwe mwenye kazi nyingi.

* * *

Alhamisi moja, jua likiwa limeanza kulegea, Levina alimpigia mumewe kazini. Sauti yake ilikuwa ya chini, ile anayoitumia msibani. Jenifa, binti wa mdogo wake Silasi, alikuwa amepiga kutoka Kasela kuuliza mbona hawakwenda kuandikisha. Makaburi yote yenye ndugu yamepakwa rangi nyeupe na namba. La baba halina. Jenifa alidhani mama ameandikisha mjini, maana si ana mkwe halmashauri? Kuhamisha ni Jumamosi.

"Wewe si ulisema ukiliona utatuambia?" Levina aliuliza.

"Sijaliona," Emilian alisema, na wakati anasema aliamini.

Akafungua tovuti. Hakuhitaji kwenda mbali. Tangazo lilikuwa pale, chini ya picha ya wakubwa na mtaro, limewekwa wiki kadhaa zilizopita. Aliyeliweka ni yeye. Alibonyeza, na kaburi la baba mkwe wake likatokea kwenye mstari wa nne: kijiji cha Kasela, upande wa kushoto wa barabara. Mwisho wa kuandikisha ulikuwa Ijumaa iliyopita.

Kumbukumbu ikamrudia kipande kipande. Ilikuwa Ijumaa moja jioni, kila idara inataka kitu chake kiwekwe hewani kabla ya kwenda nyumbani. Octavian, afisa ardhi, alimtumia tangazo kwa barua pepe, limechapwa vizuri, maneno matupu, linasomeka na mtu na mashine. Emilian alitaka kuliweka hivyo hivyo. Kisha katibu muhtasi akaja na karatasi: lile lile tangazo limechapishwa, limesainiwa, limegongwa mhuri wa zambarau, limepigwa picha kwa mashine. "Weka hili," alisema, "lile halina mhuri." Na Emilian hakubisha, maana ofisini kwao kila mtu anajua kwamba karatasi isiyo na mhuri ni umbea. Alikagua jambo moja tu, kama mhuri unaonekana. Ulionekana. Hakusoma hata mstari. Mpishi, alizoea kutania, si lazima ale.

Akatoa simu yake mfukoni, akaiwasha ile sauti ambayo hakuwahi kuiwasha, akafungua ukurasa, akapitisha kidole juu ya tangazo.

"Picha," ilisema simu, "haina lebo."

Alikaa akiutazama mhuri. Ulikuwa umekaa vizuri kweli, duara kamili.

* * *

Octavian alikuwa mtu mwema mwenye tumbo la amani. Alimsikiliza Emilian hadi mwisho, akavua miwani, akasema orodha imeshasainiwa na kijiji na imeshakwenda kwa mkandarasi. Yasiyoandikishwa yatahamishwa pamoja, shimo moja, kibao kimoja. Akifungua dirisha kwa mmoja, kesho atakuwa na foleni hadi barabarani.

"Na tangazo lilikuwa hewani," aliongeza. "Shahidi wangu ni wewe."

"Lilikuwa hewani," Emilian alisema.

"Basi twende kwa mama. Yeye pekee ndiye anaweza kuongeza jina."

Mama waliyemaanisha ni mkurugenzi, Bi Apolinaria, mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno. Ndiye aliyepeana mkono na Emilian siku ya cheti, na ndiye aliyekuwa na faili lake mezani, maana kiti cha mkuu wa kitengo kilikuwa wazi na Emilian alikuwa akikikaimu. Octavian alieleza kwa kifupi. Mkurugenzi akamgeukia Emilian.

"Kuna mapungufu kwenye tangazo letu?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Lilikuja wazi, limefunguliwa kama mlango, na angeweza kuingia nalo. Angesema: ndiyo, tangazo letu ni picha, na asiyeona haambiwi na simu kilichomo, na mwenye kosa ni mimi. Maneno hayo yalimfika hadi kooni. Pale kooni yakakutana na fremu ya dhahabu, na kiti cha mkuu wa kitengo, na sura ya Octavian aliyekwishamwita shahidi.

"Hapana, mama. Tangazo lilikuwa sawa."

"Sasa huyu mkweo hakupata taarifa kwa nini?"

"Ni mtu mzima," Emilian alisema. "Haoni. Na hizi simu, mama, wazee wetu hawaziwezi."

Bi Apolinaria alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Akasema anasikitika, naye ana mama mzee. Lakini kama tangazo lilikuwa sawa na mzee ana watu wa kumsomea, tena mmoja wao yumo humu humu ofisini, basi hiyo ni familia kuzembea, na uzembe wa familia hauwezi kufungua orodha iliyofungwa. Kama tatizo lingekuwa kwao, hapo angekuwa na la kusimamia. Emilian alisema ameelewa. Alisema na asante.

Nje kwenye korido Octavian alimpiga bega. "Umejitahidi," alimwambia.

Alipofika nyumbani Levina alikuwa anamsubiri barabarani, jambo ambalo si kawaida yake. Emilian alimwambia wamekataa. Levina aliuliza wamekataa kwa sababu gani, naye akasema orodha imefungwa. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma zaidi, kwamba aliweza kusema kweli na bado akawa mwongo.

Kupitia ukutani alimsikia Levina akimfikishia mama yake, kisha sauti ya Mama Recheli ikiuliza kwa upole kama mkwe amekula.

* * *

Jumamosi walikwenda Kasela kwa gari la kukodi, Mama Recheli nyuma na Levina, Emilian mbele akitazama barabara kwa bidii kama yeye ndiye dereva. Mama alivaa gauni la kanisani na viatu vilivyosuguliwa. Mkononi alishika shuka jeupe jipya, lingali na mikunjo ya dukani. Hakuna aliyemuuliza ni la nini.

Walikuta utepe wa njano umezungushwa na watu wamesimama kwa makundi, kila ukoo na namba yake. Dada mmoja mwenye orodha aliita namba, ukoo ukasogea, mafundi wakachimba, wazee wakashuka, shuka likatandazwa. Vilio vilikuwa vya chini, vya msiba uliokwisha kuliliwa mara ya kwanza. Jenifa alikuja kuwapokea, akapiga goti kumwamkia Mama Recheli, kisha akamtazama Emilian kwa jicho ambalo halikuwa na goti.

Levina alikwenda kwa yule dada. Alirudi midomo imebana.

"Anasemaje?" mama aliuliza.

"Anasema jina halipo."

"Muulize kama naweza kumpa shuka tu."

Levina alikwenda tena. Dada wa orodha hakuwa mkali. Alisema wasioandikishwa wameshatolewa tangu alfajiri, wapo pale kwenye masanduku madogo ya mbao, na hakuna alama ya nani ni nani. Shuka angempa nani?

Waliruhusiwa kusogea shimoni. Masanduku yalikuwa yamepangwa kama matofali yanayosubiri fundi, na mbele yake kibao kilichopakwa rangi mbichi. Mama Recheli aliisikia harufu ya rangi, akamuuliza Levina kimeandikwa nini. Kiliandikwa WASIOJULIKANA. Levina alifungua mdomo, akaufunga.

"Basi," mama alisema. "Nimeshasoma."

Mchungaji alikuwa ameanza sala ya jumla. Watu wa Kasela waliokuwa wamemaliza kuzika wa kwao walikusanyika kwa heshima, na heshima ya kijijini ina minong'ono. Mwanamke mmoja alisema, bila kunong'ona sana, kwamba ndiyo maana hawa wa mjini wanaitwa wa mjini. Mwingine akasema na mkwe mwenyewe ni mtu wa serikali.

Mama Recheli aliwageukia. Hakukasirika. Alizungumza kama mtu anayesahihisha bei sokoni.

"Msimsingizie mkwe wangu. Tangazo lilitoka, wameniambia. Kosa ni langu. Simu ilikuwa inaniambia picha, mimi nikawa naruka, kumbe lilikuwa humo. Nilidhani ni wakubwa wanapanda miti." Akacheka kidogo, na wengine wakacheka kwa kutojua la kufanya. "Ningetulia pale nikauliza hii picha ni ya nini, Silasi angekuwa na namba. Uvivu wangu."

Emilian alikuwa amesimama hatua chache nyuma, kama mila inavyotaka. Mila ilimsitiri vizuri siku hiyo. Hakuna aliyetegemea mkwe asogee aseme neno mbele ya mama mkwe wake. Katika maisha yake alishatukanwa na watu wengi, wengine kwa haki, lakini hakuwahi kupigwa kama alivyopigwa na kutetewa kule.

Mama Recheli akaomba aongozwe hadi ukingoni. Akalitandaza shuka hewani, likakunjuka, likashuka juu ya masanduku na kufunika aliyoyafunika.

"Silasi," alisema, "gawana na wenzako."

* * *

Nyumbani simu ikanyamaza. Jumapili haikusoma Biblia. Jumatatu asubuhi Emilian alifunga kiatu kimoja akasubiri, akafunga cha pili akasubiri. Ukuta ulikuwa kimya kama ukuta.

Akamwambia Levina yote, hapo hapo, chai ikipoa: barua pepe ya Octavian, karatasi ya mhuri, Ijumaa jioni, na swali la mkurugenzi na alivyolijibu. Levina alisikiliza akiwa ameshika birika. Alipomaliza, Levina aliliweka birika chini taratibu sana.

"Ulisema mama yangu haiwezi simu?"

Emilian aliinamisha kichwa.

"Mama yangu ndiye aliyekufundisha wewe kutuma sauti kwenye kundi la ukoo."

"Nisaidie kumwambia," Emilian alisema. "Mimi siwezi kusimama mbele yake, unajua mila."

"Habari za unga na sukari nilikuwa nazipeleka. Hii sipeleki. Mimi siyo posta." Akachukua mkoba wake wa vitambaa akaondoka kwenda kwenye kazi yake ya ushonaji, na mlangoni akageuka. "Na mila haijawahi kumkataza mtu kusema ukweli, Emilian. Imekataza kukodoleana macho tu."

Hakumwita Baba Konso. Alimwita jina, kama mtoto wa shule.

Siku hiyo ofisini Emilian hakugusa kazi ya mtu mwingine. Nyuma ya kila picha ya tovuti kuna kisanduku cha maneno. Mwenye macho hayaoni maneno hayo; simu inayosema inayaona, na ndiyo inayoyasoma. Alikijua kisanduku hicho tangu chuoni, kilikuwa na maksi zake. Kazini hakuwahi kukijaza hata kimoja. Sasa alianza juu, akashuka. Mkuu wa wilaya anakata utepe wa zahanati. Viongozi wanatazama mtaro. Viongozi wanatazama mtaro ule ule, upande wa pili. Matangazo yote ya mhuri akayaandika upya kwa maneno, ya maji, ya chanjo, ya ada, na kila alipoandika moja alijiuliza ni nani aliyelikosa.

La makaburi aliliacha la mwisho. Alilinakili kwenye kisanduku chake kama lilivyo, kijiji kwa kijiji. Kisha akaongeza, na vidole vilikuwa vizito kama vya mtu aliyeamka usingizini:

"Mama, mimi mkweo Emilian ndiye niliyeliweka tangazo hili. Nililiweka bila kulisoma, na nililiweka kwa namna ambayo simu yako isingeweza kukusomea. Hukuwa mvivu. Mkurugenzi aliponiuliza nilisema wewe huwezi simu. Nilidanganya kwa kuogopa kazi. Nisamehe, mama."

Akahifadhi. Kwenye kioo hakikubadilika kitu. Mhuri ulikuwa pale pale, duara kamili. Octavian alipita akatupia jicho, akasema tovuti inapendeza.

* * *

Jioni, Levina akiwa bado hajarudi, Emilian alisogea hadi konani mwa uani. Akakohoa. Akasikia khanga ikivutwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu."

"Mama, naomba ufungue tovuti. Lile tangazo la Kasela. Safari hii usiruke picha."

Akarudi ndani, akakaa chini ya cheti chake. Alisikia sauti ya simu ikianza, ikikwama, ikiendelea. Zahanati. Mtaro. Mtaro upande wa pili, na hapo alisikia mkwe wake akiguna. Kisha yale majina ya vijiji. Kisha lake. Sauti ile ya mwanamke haina huzuni wala furaha. Ilisoma "nilidanganya kwa kuogopa kazi" kama inavyosoma bei ya mbolea.

Ilipomaliza, Mama Recheli hakuizima. Akairudisha mwanzo, ikasoma yote hadi mwisho. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, maana alikuwa anajua kinachokuja.

Levina aliporudi aliitwa uani. Wakazungumza Kinyamwezi kwa sauti ya chini, na Emilian, ambaye Kinyamwezi cha nyumba hiyo alikuwa anakielewa vizuri kuliko walivyodhani, hakudaka kitu. Levina alipoingia macho yake yalikuwa mekundu, lakini yalimtazama.

"Mama anasema amesikia. Anasema kukusamehe amekusamehe, wewe ni mwanawe." Akameza mate. "Ila anauliza jambo moja. Anasema aliyemnyima namba siyo yeye na simu yake. Ni wale wenye macho. Anauliza, na wao umewaandikia wapi?"

Emilian aliinua macho kwenye cheti. Alikuwa amechagua mahali pekee katika halmashauri nzima ambapo mkurugenzi asingeweza kusoma. Alipokuwa anaandika hakujiambia hivyo. Sasa aliambiwa.

* * *

Kesho yake namba asiyoijua ilimpigia akiwa ndiyo kwanza amekaa kiti chake cha kukaimu. Sauti ya mwanaume, nzito, ya mtu wa ng'ombe.

"Wewe ndiye mkwe Emilian?"

Alishtuka kuitwa hivyo na asiyemjua. Akasema ndiye.

"Mimi naitwa Shigela, natokea huku Nzega. Namba nimeitoa chini ya ukurasa wenu. Mimi sioni, ndugu yangu. Jana usiku nimekusikia unaongea na mkweo. Mama yangu mzazi alikuwa amezikwa Kasela. Upande wa kushoto."

Emilian alivuta karatasi na kalamu.

"Nilikuwa nasubiri tangazo," Shigela aliendelea, bila ukali, na ingekuwa afadhali angefoka. "Nikajua mmechelewa tu, serikali huwa inachelewa. Sasa nataka kuuliza. Nilipokusikia ulikuwa unamuomba mkweo msamaha. Na sisi wengine?"

Emilian alimuuliza jina la mama yake. Shigela akalitaja taratibu. Emilian akalirudia, akamuomba asikate simu kwa muda, akasimama. Alipita meza ya Octavian, aliyeuliza vipi, akapita kwa katibu muhtasi aliyekuwa anapangusa mhuri kwa kitambaa. Mbele ya mlango wa mkurugenzi alijikuta amekohoa, kwa mazoea.

"Ingia," Bi Apolinaria alisema. "Unaumwa?"

"Hapana, mama. Alhamisi uliniuliza swali, nikakujibu uongo." Akaiweka simu mezani, kioo juu. "Jibu lenyewe liko kwenye tovuti yetu, ila kwa macho hutaliona. Nitawasha sauti ikusomee. Na hapa kwenye laini kuna mtu ambaye mama yake yumo kwenye lile shimo. Mama yake anajulikana. Na baba mkwe wangu anajulikana. Naomba kile kibao kishushwe, waitwe ndugu wote upya, kiandikwe majina."

Mkurugenzi alimtazama, akaitazama simu, akalisogeza pembeni faili lililokuwa mbele yake. Jina kwenye jalada la faili hilo lilikuwa la Emilian, na wote wawili waliliona.

"Lisome," alisema.

Emilian akafungua ukurasa kwenye kompyuta ya mkurugenzi, akaiwasha ile sauti, akaiongeza hadi mwisho. Ndani ya simu, kutoka Nzega, Shigela alikuwa anapumua. Kidole cha Emilian, juu ya kitufe cha kibodi, kikapita zahanati, kikapita mtaro, kikafika kwenye mhuri wa zambarau. Safari hii hakukirusha.